Ndimu kwenye Sanduku la Makaa

Asubuhi ile nilitoka Edmonton bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na begi la turubai, koti lililowahi kuwa la mtu mnene kuliko mimi, na uongo niliouacha mlangoni: nilimwambia binamu yangu kwamba rafiki amenipatia chumba upande wa pili wa mto. Hapakuwa na rafiki wala chumba. Mkewe alikuwa amefika kutoka Mombasa siku nne nyuma, na mtoto wa kunyonya, na sisi tulikuwa na chumba kimoja tu. Tulikigawa kwa shuka. Mmoja akikohoa, wote tunageuka. Hakuna aliyenifukuza. Shemeji alikuwa akinipakulia mimi kwanza, na kingi, kama anavyopakuliwa mgeni, nikaelewa. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na miezi mitano pale na jembe sikuwahi kulishika.

Ilikuwa Januari. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Shule niliiacha darasa la sita, mwaka uliofuata Mapinduzi, na tangu hapo sikukaa mahali hata mwaka mzima. Nimeosha sufuria melini, nimebeba maboksi ghalani, nimemenya viazi katika hoteli ambayo sikuwahi kuuona mlango wake wa mbele. Ugonjwa wangu ni kutaka kujua. Nikiona mtaa unapinda, sharti nijue unapindia wapi, na nikishajua nachoka nao.

Basi nikapanda basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Nikashuka pale lilipogeuka, nikapanda jingine kwa sababu lilikuwa likielekea kusini, na jingine tena. Tulivuka mto. Kioo kilikuwa na ukungu, nikawa napangusa kwa mkono na kutazama watu wakitembea wameinamisha vichwa kama wanaotafuta kitu walichodondosha. Nilikuwa najiambia ninatalii. Lakini ukweli niliujua: saa kumi jua linazama, na baridi ya nchi ile mtu ambaye hana pa kulala haimsubiri. Siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu la kutafuta, nalo ni kitanda.

Nilishuka Peckham kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nikaingia mtaa wa nyuma, nyumba za matofali zimeshikana mabega, na hapo nikamsikia mtu kabla sijamwona.

"Simama, mshenzi we! Simama nikwambie!"

Kiswahili. Nikakunja kona. Mwanamume wa makamo, Mhindi, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, alikuwa ameinama juu ya sanduku la mbao lililokuwa limelala ubavu barabarani. Nyuma yake palikuwa na vani kuukuu, boneti wazi, injini kimya. Sanduku ndilo lililokuwa likitukanwa.

"Halikusikii hilo, yakhe," nikasema. "Lisemeshe Kiingereza."

Aligeuka kwa haraka hata kofia ikamwenda upande. Akanitazama, akalitazama begi langu, akanitazama tena. Halafu akacheka, kicheko kifupi.

"Na wewe umetokea wapi?"

"Edmonton."

"Sikuulizi hiyo."

"Unguja."

"Unguja wapi?"

Swali hilo kwa watu wa kwetu, miaka ile, halikuwa swali dogo. Ukitaja mtaa, umetaja ulikuwa upande gani wa Mapinduzi, hata kama ulikuwa mtoto, hata kama hukutoka ndani. Upande mmoja wa hori, ule mkono wa bahari uliokuwa ukiugawa mji, mji wa mawe, maduka, Waarabu na Wahindi. Upande wa pili Ng'ambo, nyumba za udongo, sisi.

"Ng'ambo," nikasema.

Kicheko kikamtoka usoni. Alisimama akipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole. Nikadhani ataniambia niendelee na safari yangu. Akatazama vani, akatazama saa yake.

"Mimi wa Mkunazini," akasema. "Tulitoka sitini na nne." Mwezi hakuutaja, wala sikuuliza. "Shika upande huo. Si huo, huo una bawaba mbovu. Ukiliangusha tena nakuua."

Tulilibeba kama watu wanaobeba jeneza la mtoto, yeye mbele akitembea kinyumenyume. Lilikuwa zito kuliko umbo lake. Mbao nyeusi tii, kifuniko kimelala mteremko kama paa la kibanda, mkono wa shaba juu, na kuzunguka kingo zake misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo, safu kwa safu. Shaba yenyewe ilikuwa imeshika kutu ya kijani na nyeusi, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Mgongoni palikuwa na kidude cha kuchomeka beleshi dogo.

"La nini hili?" nikauliza. "La mikate?"

"La makaa."

"Makaa gani?"

"Makaa. Makaa ya mawe, ya kuotea moto." Alikuwa anahema. "Lifunue utaona. Ndani lina debe la bati, makaa yanakaa humo. Linawekwa sebuleni, pembeni ya moto. Mtumishi anapanda nalo kutoka chini, bwana mkubwa anachota kwa beleshi, hachafui mkono. Mengine makubwa ni ya magogo."

Nilisimama. Ilibidi naye asimame. "Mbao hii, na shaba hii, wakatia makaa?"

"Wakatia makaa."

Kwetu makaa hukaa kwenye gunia, gunia hukaa uani, na mvua ikinyesha mtu hutupiwa kelele alikimbilie. Niliuliza mpaka akachoka. Nani alitengeneza? Miaka mingapi? Mbona siku hizi siyaoni? Akaniambia moshi wa makaa ulikuwa ukiua watu mji huu, serikali ikapiga marufuku, nyumba zikatiwa gesi, na masanduku yakatupwa majalalani. Halafu wakaja watu wenye maduka ya vitu vya kale, wakayaokota, na sasa mabibi wa Kiingereza huyaweka pale pale palipokuwa na moto na kutia magazeti ndani.

"Basi wananunua sanduku la makaa kwa sababu hawana makaa?"

"Wewe unataka kazi au unataka kuandika kitabu?"

"Nataka kazi. Na pa kulala."

Akanyanyua upande wake, tukatembea mpaka kwake. Chini palikuwa na karakana, juu wanakaa wao: yeye na mama yake tu. Alikuwa seremala, kama baba yake na babu yake. Tukaliweka sanduku juu ya meza ya kazi, akalikagua kila upande kama daktari, kisha akanieleza shida yake. Mwenye sanduku alikuwa Mwingereza, mwenye duka la vitu vya kale upande wa magharibi ya mji, mteja wake mkubwa kuliko wote. Vitu vingi mle karakanani vilikuwa vyake. Bawaba moja ilikuwa imelegea. Angekuja mwenyewe kulichukua saa kumi, kwani amekwishampata mtu wa kulinunua.

"Na juu," akasema, akashusha sauti, "kuna chumba kidogo. Alikuwa akikaa fundi mwenzangu, amekwenda Leicester kuoa. Lakini nyumba ya mama. Mama akikubali, unalala. Akikataa, unakunywa chai unakwenda zako. Nyama hakuna humu, samaki hakuna, sigara hakuna."

"Sivuti."

"Na kitu kimoja." Alitazama ngazi. "Akikuuliza kwenu, mwambie Unguja. Basi. Usimwambie Ng'ambo."

"Akiuliza wapi?"

"Mwambie Bububu, mwambie Chwaka, mwambie popote. Hajawahi kumkaribisha mtu wa Ng'ambo tangu tutoke. Hata chai."

Mama alikuwa amekwisha simama juu ya ngazi. Mwanamke mdogo, mkavu, sari nyeupe, sweta la kiume juu yake, soksi nene miguuni. Nikampa shikamoo. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Marahaba," akasema. "Mrefu huyu. Atagonga kichwa chumba kile."

"Nitainama, mama."

"Wote wanasema hivyo." Akarudi ndani.

"Hajakataa," mwanawe akaninong'oneza. "Anakupima. Leo nzima atakuwa anakupima."

Akaing'oa ile bawaba mbovu, akaitia mfukoni pamoja na msumari mmoja wa parafujo. Parafujo za sasa hazikubali kwenye mbao ya zamani, akasema; kuna mzee mmoja anauza za zamani, ila ni mbali, na vani imekufa, hivyo atakwenda kwa basi. Nifagie karakana. Nisiguse mashine. Akatoka.

Nilifagia. Nilifagia mpaka chini ya meza, nikatoa takataka za miaka ya yule fundi wa Leicester, nikapanga mbao kwa urefu. Saa saba na nusu nilikuwa nimemaliza, na hakuna mtu wa kuniona nimemaliza. Mtu anayepimwa hawezi kukaa bure. Nikawa nazunguka natafuta kitu cha ziada, kitu ambacho wakikiona watasema, huyu abaki.

Sanduku lilikuwa pale juu ya meza, limenuna.

Mtu wa Unguja hawezi kupita mbele ya shaba nyeusi. Shaba nyeusi kwetu ni aibu ya nyumba. Mgeni akiiona anajua mwenye nyumba mgonjwa au mvivu. Na mimi kazi hiyo naijua. Nyumbani kwetu palikuwa na sanduku la njumu za shaba, ile misumari ya mapambo, na kulisugua ilikuwa zamu yangu kila Alhamisi, ili Ijumaa lilale linang'aa. Sanduku hilo halikuwapo kabla ya Mapinduzi. Baada ya Mapinduzi lilikuwapo.

Nilipanda ngazi nusu nikabisha. Mama alifungua upana wa uso wake.

"Samahani mama, naomba ndimu. Na majivu, kama yapo."

Alinitazama. Nadhani alifikiri ni ya kunawa mikono. Akaniletea limau kubwa, maana ndimu za kwetu hazikuwapo, na majivu kwenye kopo, ya jiko alilokuwa akiwasha mwenyewe kwenye kijibaraza cha nyuma.

Nikalikata limau vipande viwili, nikachovya majivuni, nikaanza na mkono wa kifuniko. Unasugua kwa mviringo, hukandamizi, unaacha asidi yenyewe ifanye kazi. Uchafu ukaanza kutoka mweusi kama wino. Chini yake ikatokea shaba yenyewe, ya rangi ya asali. Moyo ulinifurahi wallahi. Nikaenda msumari kwa msumari. Pale shina la msumari linapoingia kwenye mbao kidole hakifiki, kwa hiyo unachukua uzi, unaulowesha, unaupaka majivu, unauzungusha shingoni mwa msumari na kuuvuta huku na huku, kama mtu anayepekecha moto. Misumari ilikuwa mia na kitu. Kisha nikapitisha msasa laini penye madoa ya masizi, ndani na nje, nikaukausha mti kwa kitambaa, nikaupaka mafuta ya nazi niliyokuwa nayo kwenye begi kwa ajili ya nywele. Saa tisa sanduku lilikuwa limezaliwa upya. Nilirudi nyuma hatua mbili nikalitazama, nikajiona tayari nimelala kitandani.

Fundi aliingia anapuliza vidole kwa baridi. Akasimama.

"Liko wapi sanduku?"

"Hilo hapo," nikasema, nikicheka.

Alilikaribia kwa woga. Hakuligusa. Alikuwa akiihesabu misumari kwa midomo. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mikononi.

"Nimekwambia ufagie."

"Nimefagia. Nikaona na hili..."

"Umemnyoa mzee ndevu," akasema. "Mtu ana miaka mia na hamsini, ana ndevu zake nyeupe, wewe umemshika ukamnyoa, ukampaka poda." Sauti ilianza kupanda. "Wewe unajua Waingereza wanachonunua ni nini? Wananunua ule weusi! Ule weusi ndio umri wake! Bila weusi ni sanduku la juzi, naweza kutengeneza mimi hapa kwa siku tatu! Mteja amenikataza nisilifute hata vumbi!"

"Hukuniambia."

"Nikuambie vipi? Nilijua utakwenda kulitafutia sanduku la makaa ndimu?" Akasimama, akatazama saa. "Dakika hamsini. Lete masizi."

Sijapata kufanya kazi kama ile. Tulipanda juu ya kiti tukaingiza mikono ndani ya bomba la moshi la karakana, tukatoa masizi, tukayachanganya na nta, tukaanza kufubaza nilichong'arisha mimi. Yeye alipaka, mimi nikafuta, yeye akasema usifute, nikaacha. Alichemsha chai nzito akalipitishia brashi. Alimimina siki kwenye sahani akaweka chini ya mkono wa shaba, akafunika kwa gunia, mvuke upande uifubaze shaba. Hakuwa akinitazama. Mara moja tu aliniuliza, "Mafuta gani haya yananuka?" Nikamwambia ya nazi. Akafumba macho. "Ya nazi," akarudia. "Sanduku la makaa la Kiingereza linanuka mandazi."

Akaifunga bawaba kwa haraka. Aliifunga vizuri, hata hivyo. Ndani mwangu nilikuwa nimekwisha anza kufikiri usiku: stesheni hufunga milango saa ngapi, na binamu yangu atafanya uso gani nikirudi na begi lile lile.

Saa kumi kasoro dakika tano gari lilisimama nje. Mteja alikuwa mrefu kuliko mimi, glavu za ngozi, adabu nyingi. Alituamkia wote wawili. Alitembea moja kwa moja mpaka mezani, akalisogeza sanduku kwenye mwanga uliobaki dirishani, akavua glavu moja. Akapitisha kidole kwenye kichwa cha msumari. Kidole kikatoka na masizi, na msumari ukabaki ukimeremeta.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alifunua kifuniko, akakifunika, akakifunua tena, bawaba haikulia. Akanusa. Kisha akauliza, kwa upole, nani aliyefanya hivi.

Fundi alinitazama. Nikaona anapima aseme nini, na nikaona pia kwamba chochote atakachosema mimi usiku ule sina kitanda.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hakuwapo."

Yule bwana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa saa. Akamwambia fundi kwamba sanduku hilo hana wa kumuuzia tena, abaki nalo. Akasema kesho atamtuma mtu kuchukua vitu vyake vingine vyote, vilivyokwisha na visivyokwisha. Akavaa glavu. Mlangoni akageuka akasema kazi ya bawaba ilikuwa nzuri sana. Hilo ndilo lililomvunja fundi; niliona mabega yake yakishuka.

Gari liliondoka. Tulisimama pale, giza linaingia, hakuna aliyewasha taa.

"Chukua begi lako," akasema.

Nikalichukua. Nilikuwa nimeufikia mlango taa ilipowaka, na mama alikuwa chini ya ngazi, mkono kwenye swichi. Sijui alikuwa amesikiliza kiasi gani. Alipita mbele yetu mpaka mezani. Alichukua pembe ya sari yake, akaitemea mate kidogo, akapangusa msumari mmoja, na wa pili, na wa tatu. Masizi yakatoka. Akainama karibu, akatazama shingo za misumari.

"Nani kasugua hii?"

"Mimi, mama."

"Umepitisha uzi."

"Ndiyo, mama."

"Mzungu hajui uzi." Alikuwa bado ameinama. "Hata huyu mwanangu hajui uzi, hii kazi ya ndani, ya watoto na watumishi. Nani kakufundisha?"

"Nyumbani, kwenye sanduku la njumu."

"Nyumbani wapi?"

Fundi alikohoa. Nilimwona kwa pembe ya jicho akitikisa kichwa, kidogo tu. Bububu, Chwaka, popote. Nilikuwa na begi mkononi, na nje baridi. Lakini nilikuwa nimekwisha toka asubuhi na uongo mmoja, na ule uongo ndio ulionileta hapa bila pa kurudi.

"Ng'ambo," nikasema.

Alinyooka. Hakushtuka. Nadhani alijua tangu alipouona uzi, au tangu aliponiona nikiwa chini ya ngazi.

"Ng'ambo nani alikuwa na sanduku la njumu?"

"Hakuna, mama. Letu lilikuja baadaye. Mjomba wangu alilileta kwenye gari la mkono. Januari ile."

"Mama, basi," fundi akasema.

"Nyamaza wewe." Hakumgeukia. "Lilikuwa na droo ngapi chini?"

"Tatu."

"Masanduku yote yana droo tatu." Alilisema kwa haraka, kama anayejikataza. "Kufuli?"

"Lilikuwa limevunjwa."

"Limevunjwa kwa kitu gani? Shoka?"

"Sijui. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Palikuwa na kovu kwenye mbao, hapa." Nikaonyesha kwenye sanduku la makaa mahali ambapo kovu lingekuwa. "Nilikuwa nikilisugua kila Alhamisi lile kovu, halikuondoka."

"Ndani?"

"Nguo. Mama alizifua akazigawa. Na makaratasi."

"Makaratasi gani?"

"Ya maandishi yenu. Hatukuweza kuyasoma." Nikahamishia begi mkono wa pili. "Shangazi alikuwa akiyatumia kuwashia jiko. Yalikuwa mengi. Yalikaa mpaka mvua za masika."

Mtaani baisikeli ilipita ikilia kengele. Mama alikuwa ameweka viganja viwili juu ya kifuniko, kama mtu anayepasha mikono moto.

"Mjomba wako yu hai?"

"Amekufa."

"Sanduku?"

"Liko kwa dada yangu. Sijui, miaka mingi sijafika."

Fundi alisema kitu kwa Kigujarati, kwa ukali. Yeye akamjibu kwa sauti ya chini, maneno mengi, mara moja tu akininyooshea kidevu. Wakajibizana. Sikuelewa hata neno, ila nililisikia jina la Unguja likipita mara mbili. Mwisho fundi akaenda dirishani akatupa mgongo.

Mama akanirudia kwa Kiswahili.

"Miaka yote hii wanakuja watu wa Unguja hapa. Namwuliza huyu, namwuliza yule. Wote hawakuona. Mmoja alikuwa shamba, mmoja alikuwa mgonjwa, mmoja amelala. Mji mzima ulikuwa umelala!" Akacheka bila sauti. "Wewe wa kwanza kuniambia umeona kitu."

"Samahani, mama."

"Sikutaka samahani yako. Samahani niipeleke wapi?" Akaangalia begi langu. "Umekula?"

"Hapana."

"Utakula. Kesho utakwenda na huyu kutafuta mteja mwingine, umemharibia wewe, utamtafutia wewe. Utabisha milango mpaka apatikane. Sasa libebeni hili, mlipeleke chumbani kwangu."

"Mama, sanduku la makaa, chumbani..." fundi akaanza.

"Kwani lina makaa?"

Tukalibeba. Ngazi zilikuwa nyembamba na safari hii mimi ndiye niliyetembea kinyumenyume, na fundi hakuniambia shika hivi wala angalia. Tuliliweka mama aliponyooshea kidole, chini ya dirisha. Nilikula peke yangu jikoni, wali na mchuzi wa dengu, mama amesimama mlangoni akihakikisha naosha sahani. Kisha akanipa ufunguo wa chumba cha juu, akautia mkononi mwangu bila vidole vyetu kugusana.

Niligonga kichwa kama alivyosema. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na kiti kimoja, dari imelala mteremko, blanketi mbili zimekunjwa vizuri. Nikaketi na koti langu mwilini, nikasikiliza nyumba nisiyoijua. Fundi alikuwa chini anafunga karakana. Mama aliingia chumbani kwake, chini ya miguu yangu kabisa, nikasikia komeo likipita. Halafu kitu kizito kikaanza kuburutwa juu ya sakafu, kikisimama na kuanza tena, pumzi ya mtu mzee katikati. Niliujua uzito ule. Lilitoka dirishani mpaka mlangoni, likagota kwenye mbao za mlango, likatulia hapo, komeo la pili.

Nilingoja kidogo, kusije kukawa na kingine. Kisha nikavua viatu, nikatembea kwa soksi, taratibu, ili asinisikie juu ya kichwa chake.